Anko Saa Anajibu: Simu haikosei, nyie mnavaa saa zinazokosea za nini?

Mwezi huu maswali yamejaa kweli na karibu nusu yanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimechukua lile lililouliza kwa ukali kuliko yote nimeliweka mbele. Mengine yanafuata hapo chini, mafupi na marefu bila mpangilio maalum.

*Shikamoo Anko. Mi nimeshindwa kabisa kuwaelewa nyie watu wa saa za makanika. Simu yangu inajirekebisha yenyewe, haikosei hata sekunde. Saa ya betri ya bei chee nayo haikosei kivile. Af kuna rafiki yangu kila asubuhi anakaa kitandani anaizungusha saa yake kama anakaza skrubu, akimaliza anairekebisha kwa kuangalia SIMU. Sasa si abaki na simu tu? Niambie ukweli, ni mbwembwe au kuna kitu sikioni?* – Kijana wa Simu

Marahaba kijana. Mbwembwe zipo, nisikudanganye, kuna watu wananunua saa ili mkono wa shati uwe unapanda wenyewe kila wakipiga picha. Hao tuwaache.

Kwenye hilo la kukosea umeshinda kabla hatujaanza. Saa ya betri ndani ina kipande cha jiwe liitwalo kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja. Saa za makanika nyingi za siku hizi zinapiga mara 8 kwa sekunde, basi. Utashindana vipi hapo? Hata zile zinazopimwa na taasisi ya Uswisi ya COSC na kupewa cheti, zinaruhusiwa kuchelewa wastani wa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku, na hizo ndo zenye nidhamu. Lakini ligeuze hilo kidogo. Siku moja ina sekunde 86,400, yani saa iliyokosea sekunde 6 imepatia 86,394, na imefanya hivo kwa vyuma na meno ya gia tu, hakuna umeme hata chembe, huku wewe unapiga makofi, unakimbilia gari, unagonga mkono kwenye mlango. Mi bado linanishangaza na nina miaka mingi kwenye haya mambo.

Na kama ishu ingekuwa usahihi peke yake basi hii stori ingeishia 1969. Tarehe 25 Desemba mwaka huo Seiko wa Japani walitoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi kuuzwa madukani, na baada ya hapo Uswisi ilipigwa vibaya mno, wafanyakazi wa viwanda vya saa walitoka karibu 90,000 mwaka 1970 mpaka elfu thelathini na kitu katikati ya miaka ya 80. Kwa hesabu za kawaida saa za kutia ufunguo zilitakiwa zife zikazikwe. Cha ajabu mwaka huohuo wa 1969, mwezi Julai, Buzz Aldrin alitembea mwezini amevaa Omega Speedmaster, saa ya kutia ufunguo kwa mkono kama ya huyo rafiki yako (mwenzake Neil Armstrong yake aliiacha chomboni kwa sababu saa ya chombo ilikuwa imegoma). Mwaka uliofuata safari ya Apollo 13 ya kwenda mwezini ikapata ajali njiani, mitambo ikazimwa ili kubana umeme, ikafika mahali wanatakiwa wawashe injini kwa sekunde 14 kurekebisha njia ya kurudi nyumbani, na mwanaanga Jack Swigert akazihesabu hizo sekunde kwa saa ya mkononi. Springi na gia.

Ila hata hiyo sio sababu ya mimi kuvaa, mi siendi mwezini. Fanya hivi, siku moja muazime rafiki yako saa yake, kama ina mgongo wa kioo ndo vizuri zaidi, na uombe uipate ikiwa imesimama. Iangalie kwanza, ipo kimya, vyuma tu. Sasa zungusha kile kitufe cha pembeni taratibu, utasikia kri-kri-kri, yani utaisikia kwenye vidole kabla ya masikio, hapo unakaza springi ndefu iliyokunjwa ndani ya kikopo kidogo. Mzunguko wa kwanza kimya, wa pili pengine kimya, af ghafla kigurudumu kimoja kinashtuka, kinaenda huku kinarudi huku, kinaenda kinarudi, na katikati yake kuna kaspringi kembamba kama unywele kanajikunja na kujikunjua, mi huwa naona kama kifua cha kifaranga kinavyopumua ukikishika mkononi. Mshale wa sekunde unaanza kutembea. Kinachotokea ni kwamba springi kubwa inataka kufunguka yote kwa mara moja, lakini mwisho wa msururu wa gia kuna kauma kadogo kanakoiruhusu hatua moja, stop, hatua moja, stop, mara 28,800 kwa saa. Ndo huo mlio unaousikia, ni nguvu inazuiwa na kuachiwa. Na hiyo nguvu imetoka wapi? Kwenye kidole gumba chako, dakika moja iliyopita. Hakuna chaji, hakuna apudeti, hakuna mtu wa kukwambia modeli yako imeshapitwa haisapotiwi tena.

Rafiki yako akiangalia simu kuirekebisha saa haoni aibu, na wala hana haja. Anajua vizuri simu ndo inayopatia. Amekubali tu kuwa na kitu kimoja maishani ambacho asipokihudumia kinasimama.

*Anko habari. Nina saa otomatiki, niliambiwa haitaki betri wala kuzungushwa. Kila Jumatatu naikuta imelala. Wikiendi siivai. Nimeuziwa kimeo?* – Wa Jumatatu

Hujauziwa kimeo, umeuziwa maneno nusu. Otomatiki ina kipande kizito cha nusu duara ndani, rota, ukitembeza mkono inazunguka na kuikaza springi. Ukiivua, hakuna anayeikaza, inakula akiba. Nyingi zina akiba ya kama masaa 40 hivi, sasa piga hesabu: umeivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Jumapili saa nne asubuhi imeisha, Jumatatu unaanza kulalamika. Kabla ya kuivaa izungushe kitufe mara 20 au 30 ndo uweke saa, usiogope kuipitiliza maana otomatiki zina utaratibu wa springi kuteleza ikijaa. Ila kama ni Seiko 5 ya zamani kidogo yenye mashine ya 7S26 usihangaike, hiyo haikubali kuzungushwa kabisa, itikise kushoto kulia nusu dakika na uivae. Na vile viboksi vya umeme vya kuzungushia saa usiku kucha, mi naona ni kuchosha gia bure, labda uwe na saa yenye kalenda ngumu ya kupanga upya.

*Saa ya babu imeandikwa ina vito 17. Naweza kuvitoa nikauza?* – Mjukuu Mwenye Shida

Hahaha, hapana mjukuu. Ni rubi kweli lakini za kutengenezwa kiwandani, ndogo kama punje ya mchanga, kazi yake ni kushikilia ncha za ekseli za gia zisisagike. Hawatakupa kitu. Utakuwa umeua saa ya babu kwa ajili ya mchanga mwekundu.

*Anko, baba alifariki mwaka jana, ameacha saa ya mkononi ya kutia ufunguo aliyoivaa tangu sijazaliwa. Uso ulikuwa mweupe sasa umekuwa rangi ya chai, kioo kina mikwaruzo, kasha limekatwakatwa pembeni. Fundi mmoja amesema ataupaka uso rangi upya na kupolishi kila kitu iwe kama mpya. Ndugu zangu wanasema nikubali. Mi roho inasita na sijui kwa nini.* – Binti wa Mzee

Pole sana dada yangu kwa msiba. Isikilize hiyo roho, na sababu ntakupa mimi.

Zamani kidogo nilikuwa na saa yangu ya kwanza kabisa, uso wake ulikuwa na madoa, nikampa fundi fulani, akanirudishia inang'aa kama sinia la harusi. Herufi za jina la saa zilikuwa nene kuliko mwanzo, namba 4 imeinama kidogo, mistari ya dakika haifiki inapotakiwa kufika. Mtu baki asingegundua. Mi niliivaa wiki moja nikaona kama nimeletewa mtu mwingine kavaa shati la jamaa yangu. Uso wa zamani ukishakwanguliwa haurudi, na chuma kikishapolishiwa kimepungua, zile kona kali zinakuwa za mviringo kama kipande cha sabuni kilichotumika, nayo hairudi.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili ambayo huyo fundi kayachanganya. Ndani ya saa, fanya kila kitu. Nje, fanya kidogo iwezekanavyo. Ndani mafuta yake yatakuwa yamekauka yameshakuwa gundi, tafadhali usiizungushe na kuivaa hivohivo hata kama inatembea, maana inatembea chuma kwa chuma na kila siku inajila yenyewe. Mpe fundi saa mwenye utulivu aifungue yote, aioshe, atie mafuta mapya, abadilishe tu kilichokufa na vyuma vya zamani alivyovitoa akurudishie kwenye bahasha. Kioo cha saa za umri huo mara nyingi ni plastiki ngumu, mikwaruzo inatoka kwa kusuguliwa na dawa maalum kwa kitambaa, au kinabadilishwa, hapo hakuna dhambi. Uso uache. Hiyo rangi ya chai ni jua lilelile lililompiga baba yako mkononi.

Af omba kitu kimoja zaidi, mwambie fundi aifungue mgongo mbele yako na akupe lenzi. Upande wa ndani wa ule mfuniko mara nyingi utakuta maandishi madogo sana yamekwaruzwa kwa sindano, herufi mbili tatu, namba, pengine mwezi na mwaka. Mafundi wa zamani walikuwa wanaacha alama kila wakifanya sevisi. Ukizikuta, hizo ni siku ambazo mzee alikaa kwenye kiti cha fundi akisubiri saa yake. Zipige picha kabla hajafunga.

Halafu ivae. Weka mkanda unaokutosha wewe, saa za wanaume za enzi zile ni ndogo, milimita 34 au 35, zinakaa vizuri tu mkononi mwa mwanamke. Ivue ukinawa, ukioga, ukifua, usiamini maandishi yoyote ya maji kwenye saa ya umri huo.

*Saa yangu ilikuwa nzuri miaka mitatu, wiki hii imeanza kuwahi dakika tano mpaka kumi kwa siku. Imekufa?* – Mwenye Haraka

Nina uhakika asilimia kubwa imeshika sumaku. Ulikuwa unailaza wapi? Juu ya spika, juu ya kava la tableti, karibu na kile kifungo cha sumaku cha mkoba? Ile springi ya unywele ikishika sumaku mizunguko yake inagandana, inakuwa kama imefupishwa, basi gurudumu linaenda mbio. Weka dira au programu ya dira ya simu karibu na saa, mshale ukicheza ndo hivo. Fundi ana kidude cha kutoa sumaku, kazi ya sekunde chache, akikwambia lazima aifungue yote mwambie aanze na kidude kwanza.

*Anko, mume wangu ana saa kumi na moja. Mkono wa kuvalia saa ni mmoja. Sasa anatafuta ya kumi na mbili na anasema ni uwekezaji. Nimsaidieje?* – Mama wa Nyumba Yenye Tiki-tiki

Shemeji, hapa umenikamata pabaya maana mimi mwenyewe niliwahi kulitumia hilo neno uwekezaji nyumbani na halikunisaidia. Ukweli ni kwamba saa nyingi sana zinashuka thamani ukishatoka nazo dukani. Zinazopanda ni chache, na mumeo akikutajia ile Rolex Daytona ya muigizaji Paul Newman iliyouzwa mnadani New York mwaka 2017 kwa mamilioni ya dola, mkumbushe mambo mawili: ilipanda kwa sababu ilivaliwa na Paul Newman, na aliyemnunulia ni mke wake, tena akamchoreshea mgongoni maneno ya kumwambia aendeshe gari kwa uangalifu. Kwa hiyo akitaka uwekezaji wa aina hiyo asubiri ununue wewe.

Lakini nimtetee kidogo. Mtu wa nje anaona vitu kumi na moja vinavyosema kitu kimoja. Yeye anaona hii ya kutia ufunguo ambayo ni nyembamba inalala chini ya shati, hii ya kupiga mbizi ambayo pete yake inazunguka kwa mibonyezo 120, hii mshale wake wa sekunde ni wa bluu na ubluu ule umetokana na kuchomwa moto taratibu wala sio rangi. Ni ugonjwa lakini ni ugonjwa wa kuangalia vitu vizuri. Tatizo letu liko sehemu nyingine, shemeji, utamu wa kutafuta ni mkubwa kuliko utamu wa kuwa nayo. Miezi miwili unasoma, unapima, unaota, saa inakuja, wiki mbili inavaliwa kila siku, baada ya hapo imeingia kwenye boksi na wenzake na jamaa yuko kwenye simu tena usiku wa manane.

Jaribu hivi bila ugomvi. Zipange zote kumi na moja mezani, muulize kila moja aliivaa lini mara ya mwisho. Mwache ajibu mwenyewe, usiongeze neno. Ikishindikana leta hesabu: saa ya makanika inataka sevisi kila kama miaka mitano hivi, saa kumi na moja maana yake ni sevisi mbili na zaidi kila mwaka, milele. Mi kwangu sheria ni ikiingia moja inatoka moja, na nimekuta kwamba ukishalazimika kuchagua ya kutoa, hiyo inayokuja huwa inapoteza mvuto ghafla.

*Kwa nini kwenye matangazo saa zote zinaonyesha saa nne na dakika kumi?* – Mdadisi

Mishale inakaa kama mikono iliyonyanyuliwa, haizibi jina la kampuni, na pande mbili zinalingana. Basi hamna siri.

*Bro naanza leo, nichukue ipi? Rafiki zangu wanasema feki nzuri haina tofauti.* – Mgeni Jijini la Saa

Feki achana nayo, sio kwa sababu ya kuchekwa, ni kwa sababu utamu wote niliousema hapo juu uko ndani, na ndani ya feki ndo mahali walipobania. Chukua otomatiki ya kawaida ya mishale mitatu, Seiko, Orient, Citizen, kampuni zinazojulikana, mashine ambayo fundi yeyote ameshaifungua. Ukitaka kitu chenye visa vyake tafuta Vostok Amphibia ya Urusi, ipo tangu 1967, mfuniko wake wa nyuma umebuniwa hivi kwamba maji yakizidi kuukandamiza ndo unazidi kubana, ukiigusa kitufe chake kinacheza kama jino la mtoto na ni kawaida, usiirudishe. Mtumba wa zamani ni mzuri sana ila usianze nao peke yako, hasa HMT za India ambazo zimejaa mtandaoni na rangi za kuvutia, nyingi nyuso zake zimepakwa upya na mashine zimeokotezwa kutoka saa tatu tofauti. Usiangalie upana tu, pima urefu kutoka pembe ya juu inaposhika mkanda mpaka pembe ya chini, ikizidi mkono wako utaonekana umeazima. Na maandishi ya mita 30 maana yake ni mvua na kunawa. Kuogelea anzia mita 100.

*Anko eti ni kweli ukibadilisha tarehe usiku saa inaharibika? Mi naona ni uzushi.* – Asiyeamini

Kwenye mashine nyingi ni kweli tupu. Kuanzia kama saa tatu usiku mpaka saa tisa usiku, yani mshale mfupi ukiwa kati ya 9 na 3 upande wa juu, kuna jino limeshaanza kujishika na gurudumu la tarehe ili lilisukume ikifika saa sita. Ukilazimisha tarehe kwa kitufe muda huo unagombana nalo, na mmoja wenu atavunjika. Shusha kwanza mishale mpaka chini kwenye 6, badilisha tarehe, ndo urudi kuweka saa.

Mi nilikuwa kama wewe, nikaona ni uzushi, usiku mmoja nimeishika saa kitandani naona tarehe imebaki nyuma nikazungusha tu, ikafanya tik moja ambayo haikuwa tik ya kawaida. Sijawahi kuipeleka kwa fundi kwa ajili hiyo, inatembea vizuri, inakosea sekunde kama saba. Tarehe ilibaki 17. Ndo niliyovaa nikiandika haya, na leo ni tarehe 16, kwa hiyo kesho sina shida.